Wanafunzi watusaidie watoto wanaotembelea vidole

Ndugu Mhariri,

Mjukuu wangu ana miaka minne na hutembelea ncha za vidole. Kandambili zake zimelika mbele, nyuma bado mpya. Hapa Ujiji majirani wananiambia ataacha mwenyewe. Wengi huacha kweli, lakini aliyevuka miaka mitatu apelekwe kwa daktari, maana kano ya kisigino huweza kukaza na kufupika.

Naomba walimu wa ufundi wawape wanafunzi wetu kazi hii: kihisi cha mgandamizo (kifaa kinachotambua kisigino kikikanyaga) ndani ya kiatu, betri ndogo, na mtetemo mwepesi kisigino kisipogusa chini. Wataalamu wa fiziotherapia wawe nao tangu mwanzo. Kutwa nzima namwambia "shusha kisigino", na mtoto, maskini, ameanza kunikwepa.

Bibi,
Ujiji, Kigoma