Lipu mliyompigia bibi imeanguka: barua kwa vijana wa kambi za huduma

Tumsifu Yesu Kristo.

Kwenu vijana wa vyama vya Kikatoliki, VIWAWA, TYCS na TMCS, mnaokuja Bagamoyo kila likizo na basi lenye bango,

Lipu mliyompigia bibi mjane upande wa Kaole imeanguka. Masika hayajafika hata katikati. Ukuta wote wa kusini umeshuka vipande vipande, na kila kipande kimeondoka na udongo wake mgongoni, hadi fito ziko wazi na mpita njia anaona kitanda. Mliukuta ukuta huo na nyufa nne tu.

Kinachoniudhi zaidi ni kwamba bibi anadhani kosa ni lake. Anawaambia majirani pengine alimwaga maji karibu na ukuta, pengine hakuutunza. Hakuna aliyemweleza, kwa kuwa hakuna aliyerudi. Mmoja wenu apande gari wiki hii aje amwambie ukweli. Aje bila kamera.

Nia yenu siitilii shaka. Mlibeba maji, mlichubuka mikono, mlilala sakafuni. Ninachokasirikia ni ile mifuko miwili ya saruji, na ule uhakika kwamba kitu cha dukani lazima kiwe bora kuliko kitu cha kuchimbwa uani. Sikilizeni basi, nieleze polepole.

Ukuta wa udongo hunywa maji na kuyatema. Mvua ikinyesha unavimba kidogo, jua likiwaka unasinyaa. Saruji ni ngumu, haivimbi wala haisinyai pamoja nao. Baada ya miezi michache lipu inapata ufa mwembamba usioonekana kwa macho, maji yanaingia hapo, na yakishaingia hayana pa kutokea. Ni sawa na kumvika koti la mpira mtu anayelima juani. Udongo wa ndani unageuka uji, unaachana na fito, na siku lipu inapochoka kujishikilia inashuka na kila kitu. Kugongomea wavu wa kuku kabla ya kupiga lipu, kama wengine wanavyoshauri, kunaahirisha tu, na siku ikianguka inaanguka kwa uzito mkubwa zaidi. Mshukuruni Mungu bibi hakuwa amelala upande ule.

Dawa ya ukuta wa udongo ni udongo. Lakini kabla ya kugusa udongo, tazameni juu na chini. Nyumba hizi huuawa na maji ya paa na maji ya miguuni. Kama makuti yamechakaa na maji yanachirizika ndani ya ukuta, mkikandika mnapoteza nguvu. Kama upenu ni mfupi, mvua inadunda chini na kuutafuna ukuta kwenye kimo cha goti. Upenu utoke angalau sentimita 60 nje ya ukuta. Chimbeni mchirizi wa kuyapeleka maji mbali, na mjaze mawe ya matumbawe na udongo chini ya ukuta pale palipoliwa. Chokoeni kila nguzo kwa ncha ya panga pale inapoingia ardhini, maana hapo ndipo mchwa huanzia. Nguzo iliyooza haikandikwi. Hutegemezwa paa kwanza, ikang'olewa, ikawekwa nyingine. Na boriti za mikoko msizikate wenyewe kule ufukweni: mikoko ni hifadhi, haikatwi bila kibali. Nunueni zenye kibali au tumieni mti mwingine.

Hayo yakishakwisha, ndipo udongo. Wa kichuguu ni mzuri ila peke yake hupasuka, unataka mchanga. Jaza chupa ya plastiki theluthi moja kwa udongo, ongeza maji na chumvi kidogo, tikisa, uache usiku mzima. Mchanga utakaa chini, udongo wa mfinyanzi juu. Kwa kukandika mnataka mchanga sehemu mbili hadi tatu kwa sehemu moja ya mfinyanzi. Msiishie kwenye chupa: kandikeni kiraka cha ukubwa wa sahani kwenye ukuta wenyewe, msubiri siku mbili. Kikipasuka, ongezeni mchanga. Kikitoa unga ukikipangusa kwa kiganja, ongezeni mfinyanzi. Siku mbili hizo ndizo ambazo kambi zenu huwa hazina, na ndiyo maana nasema mmoja wenu na fundi watangulie wiki mbili kabla.

Changanyeni na majani makavu yaliyokatwa urefu wa kidole, na kinyesi cha ng'ombe mkikipata kwa wafugaji. Kandeni kwa miguu, mfunike, mlaze usiku mmoja au zaidi. Udongo uliolala unanata. Uliokandwa asubuhi na kubandikwa saa nne ni wa haraka tu. Maji yasizidi: donge likishikwa mkononi lisichirizike kati ya vidole. Kwangueni sehemu zote zinazolia uvungu mkizigonga, nyunyizieni ukuta maji, kisha utupeni udongo kwa nguvu uingie kati ya fito. Kuupaka kama siagi hakufai. Tabaka moja lisizidi sentimita mbili na nusu. Liache likauke kabisa, hata kama ni siku nne, ndipo tabaka la pili jembamba la kuziba nyufa. Mkitaka ukuta uwe mweupe, chokaa iliyozimwa, mipako miwili myepesi juu ya ukuta uliolowanishwa. Chokaa inapumua. Ila inaunguza macho, kwa hiyo mdogo asiikoroge.

Kiasi? Ukuta wa mita 4 kwa mita 2.2, tabaka la sentimita mbili na nusu, unameza ndoo 11 za lita 20, na kwa kuwa udongo mwingine utaanguka chini, andaeni 14. Zidisheni kwa kuta zenu kabla hamjaahidi nyumba sita. Watu wanane hadi kumi wanatosha kwa nyumba moja. Thelathini wanakanyagana, ishirini kati yao wanapiga picha.

Na msimu, jamani. Papa Fransisko alituwekea Siku ya Maskini Duniani, tukaanza kuiadhimisha mwaka 2017, Dominika ya 33 ya Mwaka. Dominika hiyo huangukia Novemba, na Novemba kwetu Pwani ni vuli. Kila mwaka naona vikundi vinakuja kukandika mvua ikiwa shingoni. Siku hiyo pikeni, mle pamoja na maskini, muwasikilize, mwandike orodha. Kukandika ni Juni hadi Septemba, kusi ikivuma na ardhi ikiwa kavu. Likizo ya Juni imewekwa kama kwa ajili yenu.

Kuna msemo tunaupenda, tenda wema uende zako. Kwenye mambo ya ukuta naukataa. Wamisionari wa Roho Mtakatifu walipofungua misheni hapa mwaka 1868 hawakwenda zao. Kimbunga cha 1872 kilibomoa majengo yao, wakajenga tena. Ninyi hamwambiwi mkae miaka. Mnaambiwa mrudi mara moja baada ya masika, watu wawili, saa mbili za kazi, kugonga ukuta na kuziba palipofumuka. Hilo tu. Kambi isiyo na tarehe ya kurudi kwenye ratiba yake, mimi nisingeipa barua ya utambulisho.

Vyoo. Ardhi yetu ni mchanga, na shimo la mchanga huanguka bila kuaga. Likipita kiuno cha mchimbaji bila kujengewa pembeni, mtoeni humo. Liwe mita 30 kutoka kisimani, na chini yake libaki angalau mita moja na nusu juu ya maji ya ardhini. Kwa walio karibu na bahari maana yake ni kuinua choo juu, wala si kuchimba zaidi. Bamba la kufunika shimo: saruji moja, mchanga mbili, kokoto nne, unene sentimita nane, nondo za milimita nane kila sentimita kumi na tano. Mchanga wa ufukweni marufuku, chumvi yake inakula nondo. Agizeni wa mto. Zege linywe maji siku saba kabla ya kusogezwa. Kambi yenu ni siku tano. Hesabu hiyo haihitaji kidato cha nne: bamba limiminwe na fundi kabla hamjafika.

Mabati: msumari juu ya mgongo, kamwe si bondeni, na makombamoyo, yale mapau ya paa, yafungwe kwa waya kwenye mwamba, boriti inayoyabeba, upepo wa bahari haujui sherehe. Makuti: anzeni chini kwenda juu, kila kuti lifungwe mahali patatu, na kilele msikinyime makuti.

Wagonjwa wa kitandani: wageuzwe kila saa mbili, nepi ziwe safi, na anayewauguza kila siku apewe saa chache alale. Hiyo ndiyo zawadi. Wazee wenye kisukari wanaletewa sukari kilo mbili na soda kila kambi. Ulizeni.

Watoto: hakuna kijana kubaki peke yake na mtoto wa watu, awe nani.

Sasa la adabu. Wengi mnaowahudumia hapa ni Waislamu, na wametulea jirani nao tangu mababu. Piga hodi mara tatu. Kama hujajibiwa "karibu", rudi. Shikamoo kabla ya jembe. Dada zetu wajifunge khanga. Ijumaa adhuhuri kazi isimame. Kama kambi imeangukia Ramadhani, msile uani kwa mtu aliyefunga. Rozari mnaisali kambini. Uani kwa bibi mnasali kwa mikono. Na kabla ya lolote, muulizeni mwenye nyumba anataka nini. Yeye ndiye ajuaye mvua hupiga upande gani, fundi gani alijenga, udongo ulichimbwa wapi. Yule bibi angewaambia, alikaa barazani mchana kutwa akiwaangalia. Hakuna aliyemuuliza zaidi ya jina la kuandika kwenye ripoti.

Bwana wetu alisema utoapo sadaka, mkono wa kushoto usijue ufanyalo wa kuume. Ninyi mkono wa kushoto ndio unaoshika simu. Mtu mzima anasimamishwa mbele ya ukuta wake mbovu, ameshikishwa mfuko, picha inakwenda kwenye makundi ya mikoa yote, na wajukuu zake wanaiona huko. Pigeni picha ya nguzo iliyooza, ya udongo, ya kiraka cha majaribio. Hizo zitakifaa kikundi kinachofuata.

Siwalaumu peke yenu. Sisi wazee wa parokia ndio tunaopitisha bajeti. Chukueni bei ya fulana za kambi, mkaulize bei ya kuti moja, mgawanye wenyewe, muone ni paa ngapi tumezivaa kifuani. Tunachangishana kwa haraka kwa ajili ya mapambo ya jubilei na kwa uvivu kwa ajili ya boriti. Na wale watoto wa bibi walioko Dar es Salaam, mwendo wa saa mbili kwa daladala, wanatuma "asanteni sana wanakambi" kwenye simu. Serikali ya kitongoji nayo inajua nani hana choo, daftari lipo. Nyumba ya mjane haikuanza kubomoka siku mlipofika, na sote tulikuwa tunapita njia ile ile kwenda Misa.

Hata hivyo ninyi ndio mliokuja, na ndiyo maana nawaandikia ninyi. Wanangu, nawapenda, mikono yenu ni mizuri.

Kwa kambi ya Juni: leteni masururu matano, mabeleshi matano, makarai kumi, ndoo kumi na mbili, turubai mbili, glavu, na sanduku la huduma ya kwanza lenye maji ya kuoshea macho. Fundi wawili wa hapa hapa watalipwa, tena kwa bei yao ya kawaida, msiwaombe sadaka ya mikono. Huo ndio mkate wao, na mkija kufanya bure wanachofanya kwa ujira mnawafukuza kazini. Watangulizi wafike mwishoni mwa Mei. Waanzie kwa paroko, kisha mwenyekiti wa kitongoji, kisha kwa kila mwenye nyumba mwenyewe. Orodha ina nyumba tatu. Ya nne mwenyewe hajakubali, msiende.

Mzee wenu, fundi wa udongo na makuti,
Bagamoyo