Malalamiko Kuhusu Dramu ya Kusafishia Filamu Inayopitisha Mwanga

Bagamoyo,
Mkoa wa Pwani.

Meneja,
Huduma kwa Wateja,
Dar es Salaam.

Ndugu Meneja,

YAH: DRAMU ILIYOUNGUZA FILAMU ZANGU SITA

Husika na kichwa cha habari hapo juu. Mimi ni mpiga picha, na mwezi uliopita nilinunua dukani kwenu dramu ya kusafishia filamu za inchi 4 kwa 5, yaani chombo kisichotakiwa kupitisha mwanga, kinachozungushwa na mota, chenye vyumba sita vya kuwekea filamu. Risiti nimeiambatisha. Dramu hiyo inavuja dawa, na kibaya zaidi inapitisha mwanga.

Filamu zilizoungua kwa mwanga huo ni za mlango wa nakshi wa nyumba moja ya Mji Mkongwe hapa Bagamoyo. Wenyewe walikwisha kuuuza, na fundi alikuwa anakuja kuung'oa saa nne asubuhi. Nilifika alfajiri na kamera yangu ya miguu mitatu, nikapiga mbili za mlango mzima na nne za karibu: mnyororo uliochongwa kuzunguka fremu, na mfaa, ule mti wa katikati ya mlango, ambao mtu aliuchonga kwa subira ya miezi. Leo pale pamezibwa kwa matofali ya saruji.

Nilifuata maelekezo yenu yote. Niliingiza filamu gizani, nikafunga kifuniko mpaka kikalia, nikatangulia kuzilowesha kwa maji dakika 5, nikamimina mililita 500 za dawa. Zilirudi mililita 410. Nyingine zilitapakaa juu ya mota. Nilipozitoa filamu baada ya fiksa, ile dawa ya mwisho ya kuimarisha picha, kila moja ilikuwa na weusi wenye umbo la mwezi mwandamo kwenye ncha iliyoelekea kifuniko. Zote sita, mahali pale pale. Kwenye picha za mfaa, weusi huo umekula nakshi yote ya juu.

Kijana wenu aliyepokea simu aliniambia kwamba joto la Pwani ndilo lililolegeza mpira wa kifuniko. Ndugu Meneja, jibu hilo siwezi kulikubali. Filamu za rangi husafishwa kwa dawa ya nyuzi 38, na boksi la dramu hii limeandikwa kwamba inafaa kwa rangi. Mimi nilisafisha nyeusi na nyeupe kwa nyuzi 24, tena nikiwa nimenunua barafu sokoni ili kupoza maji. Mpira usiohimili nyuzi 24 ulikuwa mbovu tangu dukani.

Sikutaka kuwasingizia, kwa hiyo nilijaribu. Nilitia dramuni filamu moja ambayo haijapigwa, nikafunga, nikaiacha mezani mchana kwa dakika 10 bila dawa. Usiku nikaisafisha gizani kwenye trei, pamoja na nyingine ya boksi lile lile ambayo haikuingia dramuni. Hiyo ya pili ilitoka safi. Ya dramuni ilitoka na mwezi ule ule.

Anayenunua dramu ananunua kifuniko. Kwenye trei ningekaa gizani muda wote na kutumia dawa nyingi zaidi, lakini mwanga usingeingia. Nililipa ili nifanye kazi taa ikiwa inawaka bila hofu, na hicho ndicho nilichokosa.

Naomba mnirudishie fedha zote za dramu na gharama ya boksi la filamu. Sitaki nyingine ya aina hii. Pia naomba dramu zilizobaki rafuni zikaguliwe kwa jaribio nililoeleza kabla hazijauzwa; ni kazi ya usiku mmoja, na itamwokoa mwingine.

Dramu nimeituma kwa basi pamoja na mpira wake. Ndani ya bahasha mtakuta filamu mbili za jaribio na mbili za mlango. Zishikeni mbele ya dirisha, mtaona wenyewe. Tafadhali mkishazitazama mnirudishie zile za mlango zikiwa kwenye mifuko yake, zisikwaruzike. Zimeungua, lakini sehemu ya chini ya mfaa bado inaonekana, na mlango wenyewe sijui umepelekwa wapi.

Wenu,
Mteja, Bagamoyo