Barua ya malalamiko: Nililipia CD mbili, mkaniletea moja

Nakuru,
Tarehe 24 Aprili

Kwa Meneja,
Idara ya Huduma kwa Wateja

Bwana/Bibi,

MINT: ALBAMU YA BENDI YA UNCLE TUPELO NILIYOWAAGIZA MACHI 3

Siku hiyo niliwatumia Sh6,400 kwa M-Pesa mniagizie kutoka Marekani albamu yao ya kwanza, No Depression, toleo la 2014 lenye CD mbili. Niliandika hivyo kwenye fomu yenu, nikarudia kwa simu, na kijana aliyepokea akanisomea maneno yale yale. Tarehe 19 mwezi huu nikaletewa CD moja. Ni toleo la 2003.

Nilipowapigia niliulizwa, "Si albamu ni ile ile, mzee?" Siyo. Nyimbo 13 za awali zimo, kweli, pamoja na sita za nyongeza. Nimezihesabu nyuma ya kasha. Ninachokitaka mimi kimo kwenye CD ya pili: kanda ya majaribio waliyoirekodi mwaka 1989 wanabendi Jay Farrar, Jeff Tweedy na Mike Heidorn, vijana wa Belleville, Illinois, kabla hawajapata kampuni ya kuwatolea muziki. Kwenye albamu yenyewe tayari kuna mafundi wa studio waliowashika mkono. Kwenye kanda ni wao wenyewe, magitaa ya punk, ile rock ya kasi na kelele, yakigombana na nyimbo za country, za mashambani. Miaka minne baada ya albamu hii bendi ilivunjika, Farrar akaunda Son Volt na Tweedy akaunda Wilco, na mimi ninazo kazi za wote wawili. Kilichokuwa kimebaki ni mwanzo wao.

Mfanyakazi wenu mwingine alijaribu kunituliza kwa Kenny Rogers, "kwa kuwa unapenda country." Huyo ninaye tangu enzi za marehemu baba, pamoja na Jim Reeves.

Sasa nije kwenye forodha. Kwenye fomu ya mzigo mtu wenu aliandika "dawa ya msongo wa mawazo." Naona alisoma jina la albamu akaridhika. Depression inayotajwa pale ni ule mdororo wa uchumi wa miaka ya 1930. Jina limetoka kwenye wimbo wa dini ambao Carter Family, kundi la country la Marekani, waliurekodi mwaka 1936, unaosema kwamba mbinguni dhiki hiyo haiko. Maofisa wakadai kibali cha dawa, kama ilivyo haki yao. Mzigo ukalala siku 11, nanyi mkanitumia bili ya ghala, Sh1,850, bila hata neno la pole. Niliilipa ili tu nikipate kifurushi. Albamu ilirekodiwa Boston kwa siku kumi, Januari 1990. Kuifikisha Nakuru kumewachukua 47.

Naomba mniletee toleo nililolipia, kwa gharama yenu, na mnirudishie Sh1,850. Ikiwa toleo hilo halipatikani, nirudishieni Sh8,250 zote. Nawapa siku 14, kisha nitakwenda Mahakama ya Madai Madogo. Nimeambatisha risiti mbili, nakala ya agizo na ya fomu ile ya "dawa."

CD mliyoleta iko kabatini, plastiki yake sijaichana. Mtume mtu wa kuichukua siku yoyote isipokuwa Jumapili.

Wenu,
Mteja