Kikao chahamia Ijumaa, na ile hoja ya mafuta

Assalaam alaykum jamaa,

Kikao cha mchezo wetu wa dadu na kuigiza wahusika si Alhamisi tena. Ni Ijumaa hii baada ya Isha, saa mbili na nusu usiku, barazani petu Mkomani. Mnaotoka Shela, zungumzeni mapema na mwenye boti ya kuwarudisha. Mchango ni shilingi 150 kila mtu, ya kahawa na mahamri.

Sasa ile hoja. Mchezoni, mhusika wetu mwizi alimwaga mtungi wa mafuta ya nazi kwenye ngazi za ngome ili majitu yateleze, nami msimamizi wa mchezo nikakataa kwa kuwa kitabu cha kanuni hakisemi lolote. Nimelifikiria wiki nzima. Nilikosea, naomba radhi. Lilikuwa wazo zuri mno, na mtu alilitunga kwa kusikiliza nilivyoeleza chumba kile. Basi kuanzia sasa:

1. Nieleze unataka nini na unafanyaje. Nitakutajia ugumu, yaani namba ya kufikia, kabla hujarusha dadu ya pande 20: 10 ni jepesi, 15 wastani, 20 gumu. Ukisikia, unaweza kughairi.
2. Hila ikiendana na mahali penyewe, rusha dadu mbili, uchukue kubwa.
3. Hila iliyokubaliwa kwenu, maadui nao wanaruhusiwa.

Mkibishana, dakika mbili tu. Nitaamua, mengine baada ya kikao.

Tutaanzia pale pale ngazini, mafuta yakichuruzika. Tafadhali andikeni "nipo" au "sipo" kabla ya Alhamisi magharibi, nijue mahamri mangapi. Mwenye dadu za ziada azilete.