Mkutano wa plastiki siku ya bamvua

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nitoe dukuduku langu.

Mwezi uliopita tuliitwa mkutanoni, skuli ya kijiji, tukafundishwe madhara ya plastiki. Saa nne asubuhi, tena siku ya bamvua, bahari inapotoka mbali kabisa! Aliyezaliwa pwani anajua kwamba bamvua, saa nne, maji yameshatoka na sisi wanawake tumeinama kwenye mwani. Waliokwenda ni wanaume wa barazani na watoto wa skuli. Walipewa fulana, na maji ya kunywa ya chupa za plastiki. Mimi nilifika na polo langu la mwani kichwani, wageni wanapanda gari.

Sisemi plastiki si tatizo. Mifuko imepigwa marufuku Zanzibar tangu 2006, na mpaka leo naikuta imejiviringisha kwenye vigingi vyangu. Lakini wote niliowauliza waliokaa mkutanoni wameniambia taitai haikutajwa hata mara moja.

Taitai ni kile kiuzi cha plastiki tunachofungia mbegu ya mwani kwenye kamba. Kamba yangu moja ina taitai 25, nami nina kamba 200. Wiki ya sita unavuna. Fundo limekaza, vidole vimelainika kwa chumvi, maji nayo yanajaa yanakufuata kiunoni. Hufungui, unakata kwa kisu. Kipande kinaelea mbele yako kidogo, kisha hukioni tena. Zinazofunguka vizuri narudi nazo, ila nyingi zinakwenda na maji. Basi na mimi nachafua bahari hiyohiyo inayonilisha, na hakuna aliyewahi kuniuliza habari hiyo. Angeniuliza ningemwambia, sina la kuficha.

Mwanangu alinionesha kwenye simu habari za Wayolngu, wenyeji wa asili wa Arnhem Land, kaskazini mwa Australia. Mwaka 1992 wenye ardhi wenyewe waliunda shirika lao, Dhimurru, la kutunza ardhi na bahari yao. Walinzi wao hutembea ufukweni wakikokota nyavu zilizotupwa na vyombo vya uvuvi, nyingi si za kwao, na wakikuta kasa amenasa wanamnasua. Kwetu pia nyavu zinakuja. Nilichowaonea wivu ni kwamba kule mwenyeji ndiye mwenye kazi, haitwi kuja kupiga makofi.

Wanunuzi wanaotuletea kamba na taitai kwa mkopo wangeweza kuzipokea zilizochakaa siku ya mizani. Wanapima mwani, wapime na taitai kuukuu, watupe chochote. Na kuna jambo jingine. Bibi yangu alikuwa akifukia makumbi ya nazi pwani, yakiiva anayatwanga na kusokota kamba. Niko tayari kufunga kamba 10 kwa uzi wa makumbi nione kama unafika wiki ya sita au unaoza ya tatu. Ukioza, nitakuwa nimepoteza mwani wa kamba 10 tu. Ninachohitaji ni mtu wa kuhesabu pamoja nami, awe tayari kurowa.

Na mkutano mwingine, tafadhalini, uitwe siku za maji mafu, bahari isipotoka mbali. Tupo nyumbani.

Mkulima wa mwani,
Micheweni, Pemba