Mazoezi ya kiuno nayo yaandikiwe dozi

Ndugu Mhariri,

Tunaomba nafasi katika ukurasa wako wa barua tuzungumzie maumivu ya kiuno yaliyopita miezi mitatu, yale ambayo kitaalamu huitwa sugu. Mgonjwa akitoka kliniki, cheti chake kinaeleza dawa ya maumivu bila kubakisha kitu: daiklofenaki, miligramu 50, moja mara mbili, siku tano, baada ya kula. Kisha anaambiwa kwa mdomo, "Na ufanye mazoezi." Mazoezi gani, kwa kiasi gani, aanzie wapi na aongeze vipi, haambiwi. Vidonge vikiisha anakwenda duka la dawa kununua vingine bila cheti, na miezi inapita akimeza, huku tumbo likiwa hatarini kupata vidonda, presha ikipanda na figo zikiumia polepole. Mazoezi yasiyo na kipimo hayawezi kushindana na kidonge chenye kipimo, na hapo ndipo tunapowapoteza wagonjwa.

Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo kuhusu kiuno sugu Desemba 2023. Linapendekeza kumwelimisha mgonjwa, mazoezi, msaada wa kisaikolojia na baadhi ya tiba za mikono kama kukanda. Dawa za kundi la ibuprofeni na daiklofenaki zimo pia, kwa hiyo hatusemi zitupwe. Lakini mwongozo huo haupendekezi mikanda ya kiuno, kuvuta mgongo kwa mashine wala dawa za kundi la afyuni. Inatuuma kuona mtu akitoa fedha za chakula kununua mkanda.

Kabla ya mazoezi, hofu ya picha za mgongo zinazopigwa hospitali iondoke. Mtu akisoma kwenye majibu ya MRI, mashine inayopiga picha za ndani ya mwili, kwamba pingili zimesagika, anaacha kuinama, anaacha kubeba, misuli inalegea na maumivu yanazidi. Uchambuzi wa tafiti uliochapishwa 2015 uliangalia picha za watu wasioumwa mgongo hata kidogo. Kuchakaa kwa diski, yaani vijito vilivyo kati ya pingili, kulionekana kwa asilimia 37 ya wenye umri wa miaka 20 na asilimia 96 ya wenye miaka 80. Kwa wengi, basi, picha inaonyesha umri.

Sasa kipimo. Anza na kutembea. Kwa siku tatu tembea njia tambarare huku ukitazama saa, na kila siku andika dakika ulizofika kabla maumivu hayajaanza kupanda. Tuseme umepata 12, 8 na 10. Wastani ni 10. Wewe anza chini kidogo ya wastani huo, yaani 8, kila siku, hata siku unayojisikia mzima. Kila wiki ongeza dakika moja au mbili hadi ufike 30, siku tano kwa wiki. Utafiti uliofanyika Australia na kuchapishwa 2024 ulifuata watu 701 waliokuwa wametoka kupona kiuno. Waliopewa mpango wa kutembea wa namna hii, pamoja na maelekezo ya mtaalamu, walikaa kwa wastani wa kati siku 208 kabla maumivu hayajarudi. Wasiopewa walikaa siku 112.

Kinachoharibu mpango huu mara nyingi ni siku njema. Jumamosi kiuno kimetulia, basi mama anafua nguo za wiki nzima, anafagia uwanja, anachota maji. Jumapili na Jumatatu hainuki. Akiinuka, misuli imepungua nguvu na mwili umejifunza kuogopa kazi. Maumivu yaliyodumu huufanya mfumo wa fahamu uwe mwepesi kushtuka, hata kwa mzigo usiodhuru chochote, na kila mkurupuko wa namna hiyo unauzidishia wepesi huo. Kwa hiyo saa ndiyo iamue, wala si hisia za siku hiyo: fua dakika 20, simama, tembeatembea dakika 5, rudi. Maumivu yakipanda kidogo wakati wa zoezi si hatari. Yakirudi kwenye hali yake ya kawaida ndani ya saa 24, baki na kipimo hichohicho. Yakipita hapo, rudi kwenye kipimo cha wiki iliyotangulia, ila usiache.

Ongeza mazoezi matatu ya nguvu, siku tatu au nne kwa wiki. La kwanza ni daraja. Lala chali kwenye mkeka, kunja magoti, nyayo chini. Inua makalio hadi mabega, nyonga na magoti vinyooke, hesabu sekunde 5 ukiendelea kupumua, shuka taratibu. Fanya mara 10, pumzika dakika moja, fanya mkupuo wa pili. Paja likibana kwa nyuma, visigino viko mbali mno. Visogeze karibu na makalio. Kiuno kikiuma ukiwa juu, umepandisha kupita kiasi.

La pili, piga magoti, viganja sakafuni chini ya mabega. Nyoosha mkono wa kulia mbele na mguu wa kushoto nyuma, sekunde 5, kisha badilisha, mara 6 kila upande. Wengi wanarusha mguu juu na nyonga inapinda. Mguu usipite usawa wa mgongo. La tatu ni kukaa na kusimama kwenye kiti bila kushika kitu, mara 10, mikupuo miwili. Ukishindwa, weka mto mgumu juu ya kiti ili kiwe kirefu zaidi, kisha uutoe baada ya wiki mbili au tatu.

Kuinama nako kunajifunzwa. Shika mpini wa fagio uugusishe kisogo, mgongo wa juu na mfupa wa makalio, halafu inama ukirudisha makalio nyuma bila mpini kuachia sehemu hata moja. Mgongo ukijikunja mara mojamoja hauvunjiki, msiogope. Ila kwa ndoo nzito njia hii inapeleka kazi kwenye mapaja. Maji ya lita 20 ni kilo 20, na ni nafuu zaidi kubeba madumu mawili ya lita 10, moja kila mkono. Beseni la kufulia lipandishwe juu ya stuli. Fagio lifungwe mpini mrefu.

Usiku, anayelala ubavu aweke mto katikati ya magoti, anayelala chali auweke chini ya magoti. Ushauri wa kulala sakafuni hauna msingi: utafiti wa Hispania wa mwaka 2003 ulionyesha godoro la ugumu wa wastani likiwafaa wenye kiuno sugu kuliko lile gumu. Joto linasaidia pia, chupa ya maji ya moto iliyofungwa taulo, dakika 15 hadi 20. Mwenye kisukari aliyepoteza hisia za ngozi asitumie, ataungua bila kujua.

Wiki sita hadi kumi na mbili zipite kabla ya kuhukumu. Pima kwa kazi unazoweza kufanya, maana hizo huongezeka kabla maumivu hayajapungua.

Mjihadhari na unga na vidonge vinavyoitwa vya asili vinavyotuliza maumivu kwa siku moja. Mwaka 2022 mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani ilionya kuhusu bidhaa za viungo zilizokutwa na daiklofenaki na deksamethasoni, dawa kali ya kupunguza uvimbe, ambazo hazikuandikwa kwenye pakiti. Na aliyezoea prednisoloni, ya jamii ya deksamethasoni, au tramadoli, ya kundi la afyuni, asiache ghafla. Apunguziwe na daktari.

Wapo ambao barua hii haiwahusu kwanza. Mkojo au haja ikigoma au ikitoka yenyewe, ganzi ikiingia sehemu za siri na ndani ya mapaja, au miguu ikikosa nguvu, nenda hospitali siku hiyohiyo. Homa, jasho la usiku, kukonda, maumivu yasiyotulia hata ukilala au yaliyoanza baada ya kuanguka, vyote vinahitaji vipimo kabla ya zoezi lolote. Kifua kikuu cha mgongo bado kipo kwetu, na hicho kinaponywa kwa dawa zinazomezwa kwa miezi mingi bila kuruka.

Wataalamu wa mazoezi tiba,
Morogoro