Akisema "ndiyo" mahakamani, msidhani ameelewa

Ndugu Mhariri,

Kila kijana anapokamatwa kwa wizi au ugomvi, kurasa za maoni hujaa wasomaji wanaotaka afungwe "akaonje". Wenzao hujibu kwamba ni mtoto, aonewe huruma. Nimekaa miaka kadhaa kwenye mabenchi ya mahakama nikiwasindikiza watoto ambao wazazi wao hawakuweza kufika, na nionavyo mimi pande zote mbili zinamzungumzia kijana huku zimempa mgongo.

Niruhusu nieleze kisa kimoja. Kijana wa miaka 15, kesi ya wizi wa simu. Hakimu akasoma amri: ameachiwa chini ya uangalizi, aripoti kwa afisa kila Jumatatu, asionekane nje baada ya saa kumi na mbili jioni, asiambatane na wenzake waliotajwa katika shauri. "Umeelewa?" Akajibu, "Ndiyo, mheshimiwa," macho yakiwa kwenye viatu vyake. Tukatoka. Hata kwenye ngazi hatujafika, akanivuta mkono wa shati: "Kwani nimefungwa au nimeachiwa?"

Simlaumu hakimu. Siku ile mafaili yalikuwa yamefika kidevuni kwa karani. Lakini wiki ya tatu kijana akarudishwa kwa kosa la kukiuka masharti: alionekana barabarani saa moja kasorobo usiku. Alikuwa anamfuata mdogo wake, ambaye hutoka masomo ya ziada saa kumi na mbili na nusu, na mama yao yuko zamuni hadi saa mbili. Hakuficha. Hakuna aliyemuuliza, na yeye hakujua kwamba mtu wa kizimbani ana ruhusa ya kusema, "Mheshimiwa, saa hiyo haitawezekana." Faili lake sasa likasomeka kama la mkaidi.

Wapo watakaosema nataka kuwadekeza. Haki hii imeandikwa zamani. Mkataba wa Haki za Mtoto wa mwaka 1989, ambao nchi zote wanachama wa Umoja wa Mataifa wameuridhia isipokuwa Marekani, unasema katika kifungu cha 12 kwamba mtoto apewe nafasi ya kusikilizwa katika shauri lolote la kimahakama linalomhusu. Kumuuliza "umeelewa?" mbele ya askari, karani na umati wa watu si kumsikiliza. Mtoto aliyeogopa atakubali hata kwamba yeye ndiye aliyejenga hiyo mahakama.

Na huruma peke yake haitoshi. Mahakama ya kwanza ya watoto ilianzishwa Chicago mwaka 1899 kwa nia njema kabisa: hakimu awe kama mzazi, mambo ya mawakili na taratibu ngumu yawekwe kando. Matokeo ya mtindo huo yalionekana katika jimbo jingine la Marekani, Arizona, mwaka 1964. Gerald Gault, naye wa miaka 15, alidaiwa kumpigia jirani simu ya matusi. Hakuwa na wakili, na jirani mwenyewe hakufika mahakamani. Akaamriwa akae katika shule ya marekebisho hadi atimize miaka 21, wakati mtu mzima kwa kosa hilohilo angetozwa faini isiyozidi dola 50 au kifungo kisichozidi miezi miwili. Ilibidi Mahakama ya Juu ya Marekani iseme, mwaka 1967, kwamba mtoto naye ana haki ya wakili na ya kujua anashtakiwa kwa lipi.

Wanaodai kufunga ndiyo dawa wajue kwamba kufunga tunafunga sana. Utafiti wa Umoja wa Mataifa uliotolewa mwaka 2019 ulikadiria kuwa si chini ya watoto 410,000 huwekwa magerezani na mahabusu kila mwaka, mbali na wengine kama milioni moja wanaopitia vituo vya polisi. Haya yanatokea ilhali tangu mwaka 1985 Kanuni za Beijing, yaani kanuni za Umoja wa Mataifa kuhusu kesi za watoto, zinasema kumfungia mtoto kuwe hatua ya mwisho, tena kwa muda mfupi iwezekanavyo. Na wengi wao wangeacha makosa kadiri wanavyokua, mradi tusiwakatishe shule na kuwalaza chumba kimoja na wazoefu.

"Na aliyeibiwa je?" Swali la haki. New Zealand ilipotunga sheria yake ya watoto na vijana mwaka 1989, iliweka vikao ambamo kijana hukaa na ndugu zake, polisi, na mwathirika pia akipenda, wakapanga pamoja jinsi ya kurekebisha kosa. Wanaodhani huo ni ulegevu wajaribu kumtazama usoni mtu uliyemwibia, mama yako amekaa pembeni. Kumwambia hakimu "samahani" ni kazi nyepesi mno.

Ninachoomba si kikubwa. Amri iandikwe kwa lugha ya kawaida, ukurasa mmoja, na kijana aieleze kwa maneno yake kabla hajatoka mlangoni. Masharti yawekwe baada ya kumuuliza siku yake inakwendaje. Waliowahi kupita njia hiyo wakaachana na makosa waajiriwe kuwashika mkono wanaoingia, na waitwe pia pale taratibu zinapoandikwa. Sisemi waalikwe siku ya maadhimisho wavishwe fulana wapigwe picha. Hilo tunalijua vizuri mno.

Yule kijana, safari ya pili, alipata afisa aliyevuta kiti akakaa upande wake wa meza. Akamuuliza, "Jioni huwa uko wapi?" Kisha akampa kalamu. Kijana akaandika mwenyewe: saa moja na nusu awe ndani, Jumatatu aripoti baada ya vipindi vya shule. Afisa akaipeleka kwa hakimu, ikapitishwa. Nilitazama saa ya ukutani. Mazungumzo yao yalikuwa yamechukua dakika kumi na moja.

Wako,
Msindikizaji wa watoto mahakamani